Kuchukua paka wengine baada ya Shaba

Pole sana, dada. Unauliza kama kuwachukua paka wawili waliookotwa, miezi mitatu tu baada ya Shaba kufa, ni kumsaliti. Hapana. Wangu alipokufa, bakuli lake lilikaa jikoni, na siku niliyoweza kuliosha bila kulia ndiyo niliyokwenda kuchukua mwingine.

Kama ni ndugu, usiwatenganishe. Waanzie chumba kimoja tulivu, sanduku la mchanga liwe mbali na chakula. Keti sakafuni, usiwashike. Wakijificha uvunguni hata wiki nzima, waache. Daktari wa mifugo awape dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha wafungwe kizazi. Na tafadhali, jina la Shaba usimpe yeyote.