Bunduki nyepesi si bunduki laini

SWALI: Assalaam aleikum. Ni mwanamke wa miaka 38, nalima muhogo na viazi vitamu Muyuni, kusini Unguja. Nguruwe mwitu wamelifanya konde langu uwanja wa ngoma. Marehemu baba alikuwa na bunduki ya marisau, geji 12, mtutu mmoja. Ipo kituo cha polisi tangu alipofariki, na mimi nimeanza kufuatilia leseni kwa jina langu. Kaka zangu wanasema ile itanivunja bega, nitafute ndogo "ya kike", ya 410. Nichague ipi, na nianzie wapi kujifunza?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Vizuri umeiacha kituoni. Leseni ni ya mtu, haiendi na mirathi. Na ukishaipata, elewa kwamba kumiliki bunduki ni ruhusa moja na kuua mnyama wa porini ni nyingine. Huko kwenu wapo kima punju na paa nunga, nao hawaguswi. Uliza kote kuwili, polisi na kwa wanaosimamia wanyama wa porini, kabla hujatoa hata senti.

Sasa hiyo "ya kike". Kaka zako wanakutakia mema lakini hesabu wameipindua. Teke la bunduki hutokana na uzito wa marisau, vile vigololi vidogo, na baruti iliyomo kwenye risasi, na kinacholipunguza ni uzito wa bunduki yenyewe. Chukua risasi ile ile, ipige kwa bunduki ya kilo 2.5, kisha kwa ya kilo 3.5: ile nyepesi inakupiga kwa nguvu inayozidi kwa karibu asilimia 40. Bunduki yangu ya mwanzo ilikuwa nyepesi ya mtutu mmoja, nimechaguliwa kwa kuhurumiwa. Siku ya tatu bega lilikuwa rangi ya zambarau, na nilishaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Tabia hiyo ilinichukua miezi kuiacha.

Na 410 ina tundu dogo, hubeba marisau machache, kwa hiyo ni ya mtu aliyekwisha kubobea. Mwanafunzi atakosa, na akimpata nguruwe atamjeruhi tu. Mimi ningekwambia geji 12 ya kilo 3.2 hadi 3.4, yenye mitutu miwili ya kukunja, kwa sababu ukiikunja kila mtu aliye karibu anaona kwamba haina kitu. Geji 20, ambayo tundu lake ni dogo kuliko la 12, nayo ni nzuri, mradi uhakikishe kwanza kwamba risasi zake unazipata. Zile zinazojipakia zenyewe kwa gesi teke lake ni laini zaidi, ila waulize polisi kama raia anaruhusiwa kabla hujaipenda. Kaka zako wakibisha, waambie kuhusu Zhang Shan, mwanamke wa Kichina aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992 kwa kuvunja sahani 223 kati ya 225 zilizorushwa hewani, akipambana na wanaume.

Jambo linalowashinda wanawake wengi ni kipimo. Kitako cha bunduki, ile sehemu ya kuegemeza begani, hukatwa kwa mwili wa mwanamume: mikono mirefu, mabega mapana, kifua bapa. Kwetu sisi kitako huwa kirefu, na ncha yake ya chini inachoma juu ya titi. Ukiinua bunduki inakwama kwapani, unajinyoosha nyuma kuifuata, na hapo teke linakusukuma hadi visigino. Kujipima kwa kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kidole kinafika wapi, kama wafanyavyo wazee, ni kubahatisha. Fanya hivi: bunduki tupu, umeikagua wewe na mwenzako pia ameikagua. Fumba macho, inua kitako, kwanza kiguse shavu kisha kikae begani. Fumbua. Jicho liwe moja kwa moja juu ya mtutu, na baina ya pua na kidole gumba cha mkono wa kuvutia pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukiona mgongo wa bunduki tu na si mtutu, shavu limeshuka mno. Ikiwa pua inagonga kidole, kitako ni kifupi.

Ukiamua kubaki na ya baba, kitako chake huenda kikahitaji kupunguzwa sentimita mbili au tatu, na mkato uinamishwe kidogo ili ncha ya chini isikuchome. Kazi hiyo ni ya fundi wa bunduki. Usimpe seremala wa milango, hata awe hodari vipi wa kuchonga.

Angalia pia jicho lako. Nyosha mikono, acha tundu dogo baina ya viganja, tazama kilele cha mnazi kwa macho yote mawili, kisha fumba la kushoto. Mnazi ukipotea, jicho lako kuu ni la kushoto, na kama ni mtu wa mkono wa kulia mwambie mwalimu siku ya kwanza.

Nguo nazo. Bruchi ya mtandio iondoe begani. Nilimwona mwanafunzi wangu ikimwingia nyamani kwa risasi moja tu. Baibui la kuteleza nalo linahamisha kitako. Masikio yazibe kwa vizibo vya ndani, chini ya mtandio, maana vifuniko vya juu ya kitambaa vinavujisha sauti, na mlio mmoja unatosha kuharibu masikio.

Kujifunza, tafuta mwalimu mwenye kibali na uwanja wa shabaha. Konde si uwanja. Wiki mbili za mwanzo usipige kabisa: inua na ushushe mara 20 kwa siku, mguu wa kushoto mbele, uzito mbele. Kisha risasi zenye marisau ya gramu 24, kumi tu kwa siku, uende nyumbani. Zile kubwa za nguruwe, zenye marisau tisa, zije mwisho.

Mambo mawili yanayoua. Ukiwa na geji 12, risasi ya geji 20 isiingie nyumbani kwako. Inateleza ndani ya mtutu, inakwama mbele ya chemba, wewe unadhani hukupakia; unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka usoni. Ganda la 20 kwa kawaida ni la manjano, na sababu ndiyo hiyo. La pili ni maweni yetu. Ardhi ya Muyuni ni mawe matupu, na marisau yakigonga jiwe hurudi popote. Nguruwe huja usiku, nyuma yake kuna wasasi na mbwa wao. Usichokiona na usichojua nyuma yake kuna nini, kiache kipite na muhogo wako.