Mfanano wa protini hukuonyesha ukoo, haukuonyeshi kazi

Ukichukua protini ya bakteria usiyoijua, ukaitafuta kwenye hifadhidata na kukuta inafanana na LacI, kidhibiti (protini inayowasha na kuzima jeni) cha jeni za kutumia sukari ya laktosi, usikimbilie kuandika kwamba inadhibiti jeni za sukari. Huu ndio ushauri ninaowapa kwanza wanafunzi ninaofanya nao kazi.

Tuanze na LacI yenyewe, ile ya bakteria Escherichia coli (E. coli) ambayo wanasayansi Jacob na Monod waliijengea hoja mwaka 1961 kabla hata haijatengwa. Ina asidi amino 360. Takriban 60 za mwanzo ndizo zinazoshika DNA. Sehemu kubwa iliyobaki hunasa alolaktosi, sukari inayotokana na laktosi, na umbo lake linafanana mno na protini zinazobeba sukari kati ya tando mbili za seli. Ni vipande viwili vyenye historia tofauti vilivyokuja kuungana, kwa hiyo vilinganishe kimoja kimoja. Ukilinganisha protini nzima kwa mkupuo, utapata kiwango kimoja cha jumla cha mfanano kisichosema lolote.

Sasa mwangalie ndugu yake, PurR, anayeishi kwenye seli ileile. LacI ikinasa alolaktosi huiachia DNA, na jeni huwaka. PurR ikinasa hipoksanthini au guanini, ambazo ni purini (kundi la molekuli zinazohitajika kujenga DNA), huishika DNA kwa nguvu, na jeni za kutengeneza purini huzimika. Ukoo mmoja, mwitikio kinyume kabisa! Kwa bakteria nyingine, Bacillus subtilis, mambo yanasogea mbali zaidi: kidhibiti chake CcpA ni cha ukoo huohuo, lakini mshirika wake mkuu ni protini nyingine, HPr, iliyobandikwa fosfati. CcpA ndiyo inayoifanya bakteria hiyo itangulize glukosi kabla ya sukari nyingine, lakini kwa E. coli kazi hiyo hutegemea sana CRP, kidhibiti cha ukoo mwingine kabisa.

Ndiyo maana mimi hutazama jeni majirani kabla ya jina. Jeni ya kidhibiti mara nyingi hukaa karibu na zile inazozidhibiti, kama lacI, jeni ya LacI, ilivyo kando ya lacZ, jeni ya kimeng'enya kinachovunja laktosi. Majirani wakibadilika kutoka spishi moja hadi nyingine, shuku kwamba kazi nayo imebadilika. Kisha chunguza DNA iliyo kabla ya mwanzo wa jeni ya kidhibiti chenyewe, kwa sababu vidhibiti vingi hujidhibiti. Tafuta kipande ambacho nyuzi zake mbili zinakaribia kusomeka sawa, kwani protini hizi hushika DNA zikiwa jozi.