Kama ubongo hausikii maumivu, kichwa kinauma wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini wageni unaowapandisha Mlima Kilimanjaro kupitia njia ya Marangu wakifika kambi ya Horombo, mita 3,720, wanashika paji la uso, ilhali umesikia ubongo hauna maumivu. Yote mawili ni kweli. Nyama ya ubongo haina vipokezi vya maumivu. Vinavyouma ni mishipa mikubwa ya damu iliyo chini yake, pamoja na utando mgumu unaoufunika.

Nyuzi za neva zinazohisi hapo ni nyembamba sana. Za ateri za mbele na katikati hutoka tawi la kwanza la neva ya trijemino (neva kuu ya hisia za uso), lile lile linalohudumia jicho na paji la uso. Ndiyo maana mshipa ukichokozwa ndani, mtu anaonyesha juu ya jicho. Mishipa ya nyuma hupata nyuzi kutoka neva za juu za shingo, na maumivu yake huja kisogoni. Zote huishia jirani kwenye shina la ubongo, hivyo kipandauso kinaweza kukaza shingo pia.

Wengi hawajui hili: nyuzi hizo hazipeleki habari tu. Zikiamshwa, ncha zake humwaga kemikali iitwayo CGRP kwenye ukuta wa mshipa, nao hutanuka. Sumatriptani, dawa ya kipandauso, huzuia mmwago huo, lakini hubana mishipa. Mwenye ugonjwa wa moyo asiimeze.

Mlimani, upungufu wa oksijeni nao hutanua mishipa ya ubongo. Mgeni akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, usimpe kidonge ukasubiri. Mshushe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.