Unataka kuchimba bwawa la watu wa mshipi? Anza na kiti

Kuna msomaji kaniandikia wiki hii, ana eka tatu kule Turiani na kiinua mgongo kimeshaingia, anaomba nimtumie ramani ya bwawa langu aikopi tu. Ndugu yangu ramani sikutumii, shamba lako si langu, ila nakupa stori yenyewe, na najua wengi mnaosoma hapa ndoto yenu ni hiyohiyo, kukaa shamba huku watu wanakulipa waje kuvua.

Jumamosi iliyopita vituo vyangu vya kuvulia vilijaa vyote. Watu wanapanda SGR asubuhi Dar, wanashuka Morogoro, bajaji mpaka kwangu na fimbo zao begani. Jamaa mmoja kavuta kambale mkubwa mpaka mtoto wake akagoma kupiga naye picha. Naringa? Ndiyo, kidogo, acheni niringe. Maana wakati naanza nilimlipa mtaalamu anichoree, akaniletea mstatili, kina kilekile mwanzo mwisho, kama kaburi la jitu. Nikamwambia kaka hili la kufugia, mimi nataka la kuvulia, mtu akae na mshipi kutwa. Akacheka, akamgeukia shemeji yangu, eti mzee kiinua mgongo kimempanda kichwani. Na shemeji akacheka! Leo huyohuyo shemeji analeta wageni wake na anataka wavue bure.

Haya sikilizeni. Bwawa la kufuga linachorwa kwa ajili ya wavu, uukokote toka huku mpaka kule usikwame. La mshipi linachorwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Mimi kabla ya kijiko, ule mtambo wa kuchimba, kufika nilichukua kiti cha plastiki nikazunguka nacho shamba zima, nakaa hapa, nahamia pale, asubuhi na jioni, majirani wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Jua la jioni likikupiga usoni boya hulioni, hapo hapafai kituo. Matawi yakiwa nyuma yako ndoano itanasa ukirusha. Na kona inayopita waya wa umeme niliiacha kabisa, fimbo za siku hizi nyingi ni za kaboni, na kaboni inapitisha umeme, ikigusa waya umeua mteja. Palipofaa napiga kigingi, halafu ukingo wa maji ndo ukafuata vigingi, unaingia ndani hapa, unatokeza pale, ili mtu na jirani yake wasishikane mishipi.

Kina nacho usikisawazishe. Pembeni nimeacha ngazi pana maji ya magotini, mtoto akiteleza asimame, na majani yaote samaki waje kula. Katikati panashuka zaidi ya mita mbili, kiangazi maji yakipungua wana pa kukimbilia. Kwenye tuta la kuzuia maji nilichimba mtaro kwanza nikaujaza udongo wa mfinyanzi, unashindilia tabaka kwa tabaka, na usipande mti wowote juu ya tuta hata ukipenda kivuli vipi, mizizi ikioza inaacha mirija na maji yanatoroka humo. Kivuli jenga banda.

Mambo ya vibali siyaelezi, yanachosha, ila bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwetu ni Wami/Ruvu, usiguse kijito. Na NEMC, wale wa baraza la mazingira, kaulize mapema kama unahitaji tathmini ya mazingira.

Samaki sasa. Hapa ndo watu wanapopenda njia ya mkato, wanamwaga sato mchanganyiko wa madume na majike, wanazaliana wangali wadogo, bwawa linajaa vidagaa visivyokua. Nani atapanda treni aje kuvua kidagaa? Chukua vifaranga madume matupu, weka wachache kuliko unavyoambiwa na muuza vifaranga, na sato wakishakuwa wakubwa ndo uingize kambale wadogo wale vitoto vitakavyopatikana, maana majike wawili watatu hawakosekani. Ukiwatanguliza kambale wamekula mtaji wako. Sato wa kilo anataka zaidi ya mwaka, vumilia, usifungue kwa sababu tu mkeo anauliza hela iko wapi.

Halafu amka alfajiri. Hewa kwenye maji inakuwa chini kabisa kabla jua halijachomoza, ukikuta sato wanahema juu juu acha kulisha, ingiza maji mapya. Usimwangalie kambale, yeye anavuta hewa ya juu, hatakwambia kitu.

Mpaka hapo utaona hakuna uchawi. Ni kukaa na kuangalia, jambo ambalo kizazi hiki hakiliwezi, kila mtu anataka ramani ya mwenzake na kicheko cha shemeji kinamvunja moyo siku ya kwanza. Asiyejua mshipi asikuchoree bwawa la mshipi, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Kwa hiyo wewe wa Turiani, kabla ya kuita kijiko chimba shimo la kiunoni, lijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yameshuka, jaza tena, funika na matawi, ulale. Kukicha kama mengi bado yamo nipigie, na uniambie jua linazama upande gani wa shamba. Kama yameisha, usinunue hata kifaranga kimoja, tafuta kwanza mfinyanzi uko wapi na lori litakugharimu ngapi.