Kabla ya Kuongeza Nguvu ya 1JZ-GTE, Jua Ni ya Toleo Lipi

Injini ya Toyota 1JZ-GTE, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 2.5, ilitoka mwaka 1990 ikiwa na nguvu farasi 280, na ilipofanyiwa usanifu mpya mwaka 1996 ikabaki na 280 zilezile. Namba hiyo ndiyo iliyoniponza. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutovuka 280 katika magari ya soko lao, hivyo maendeleo yote yalikwenda mahali ambapo mnunuzi anayeuliza nguvu farasi pekee hapaoni.

Toleo la kwanza lina tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) mbili ndogo za aina ya CT12A na uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda, wa 8.5. La pili lina tabo moja, uwiano wa 9.0, njia za maji zilizopangwa upya ili silinda zipoe vizuri zaidi, na mfumo wa VVT-i unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu za kuingiza hewa. Kwa sababu hiyo nguvu ya msokoto, ambayo kilele chake kilikuwa Nm 363 kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika, ilifika Nm 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. Anayepanda mlima mkali wa Kitonga akiwa na abiria na mizigo anaihisi tofauti hiyo mguuni.

Mimi nilifunga toleo la kwanza katika Toyota Mark II yangu, nikapandisha shinikizo la tabo bila kujua kwamba magurudumu madogo ndani ya tabo za CT12A, yale ya upande wa eksozi yanayozungushwa na moshi, ni ya kauri: ni mepesi na huwahi kuzunguka, lakini hayavumilii shinikizo na joto kubwa kuliko la kiwandani. Moja lilipasuka nikiwa njiani, na tabo ilipofunguliwa shafti ilikutwa tupu.

Kwa hiyo, ukitaka gari la kila siku lenye tabo yake ya asili, tafuta toleo la VVT-i. Ukikusudia kuondoa tabo zote na kufunga moja kubwa, la zamani bado linafaa sana, kwa kuwa mgandamizo wake mdogo unakupa nafasi zaidi ya kuongeza shinikizo kabla injini haijaanza kugonga, yaani mafuta kujiwakia yenyewe ndani ya silinda. Katika hali zote mbili, pampu ya mafuta, nozeli na kipozahewa (intercooler, kinachopoza hewa itokayo kwenye tabo) vitangulie, na uwiano wa hewa na mafuta upimwe gari likiwa na mzigo, kwa sababu mchanganyiko wenye mafuta haba hutoboa pistoni upesi sana.

Unaponunua injini iliyotumika, usiridhike na maandishi ya kifuniko cha juu ya injini, kwani kifuniko huhamishika. Hesabu tabo, kisha omba kila silinda ipimwe mgandamizo mbele yako kabla hujatoa fedha.