Pesa Imeingia Benki, Mapato Bado: kwa wadogo zangu wa hesabu za kaboni

Nimepitia rasimu zenu za kufunga mwaka. Mmoja wenu ameuweka msitu wa Uvinza kwenye mizania, upande wa mali, tani za hewa ukaa zimezidishwa kwa bei ya dola. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikakumbuka wakaguzi wanashuka Kigoma wiki ijayo, kicheko kikaisha.

1. Msitu si wenu. Ardhi ni ya kijiji, kampuni ina mkataba tu. Na msinikimbilie na IAS 41, kiwango cha uhasibu cha kilimo: miombo iliyojiotea haigeuki shamba kwa kuwa vijana wa doria wanaizunguka na GPS. Kinachotafutwa kwenye vitabu ni krediti, moja kwa tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa au kuondolewa hewani, na krediti huanza kuwepo rejista, yaani daftari rasmi la krediti, ikishaitoa.

2. Acheni kutafuta kiwango cha krediti za kaboni kwenye IFRS, viwango vya kimataifa vya uhasibu. Hakipo. IFRIC 3, tafsiri rasmi ya viwango hivyo kuhusu haki za kutoa hewa chafu, ilitolewa Desemba 2004, ikaondolewa Juni 2005. Hata mwaka haikumaliza. Kwa hiyo swali ni moja: mnazishika za nini? Za kuuza katika shughuli za kila siku, IAS 2, kiwango cha stoki. Za kufidia uchafuzi wenu wenyewe, wengi tunaenda IAS 38, kiwango cha mali zisizoshikika, na siku zikifutwa kwenye rejista, yaani zikiandikwa kuwa zimetumika, ndipo zinaingia kwenye gharama. Sera iandikwe, isikae kichwani kwa mhasibu mkuu.

3. Malipo ya awali. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona vocha mbili zinazofanana kabisa na ile yangu.

Mnunuzi wa krediti wa Ulaya alitanguliza dola kabla ya uhakiki wa tani zetu. Zikaingia Desemba, nikiwa nafunga mwaka na mkurugenzi ananipigia kila asubuhi. Mkataba nilikuwa nao mezani, ila nilisoma ukurasa wa bei na ukurasa wa saini, basi. Nikadebiti benki, nikakrediti mapato. Faida ikapanda, bodi ikapiga makofi, kodi tukailipa kwa faida ile. Habari ikafika kijijini kwamba mgao unakuja, na mwenyekiti mmoja akaenda kukopa mabati ya zahanati.

Mkaguzi aliyetumwa kutoka Dar alikuwa binti mdogo. Akanipa shikamoo, akakaa, akasema: "Mzee, naomba orodha ya namba za krediti mlizouza." Namba zipi? Kila krediti ina namba yake ya rejista na hali yake: ipo, imehamishwa au imefutwa. Mimi nilikuwa na risiti ya benki. Akafungua mkataba wangu mwenyewe, akaweka kalamu kwenye kifungu nilichokiruka: umiliki unahama siku krediti zinapoingia akaunti ya mnunuzi. Sisi hata mhakiki hajafika. IFRS 15, kiwango cha mapato, niliifaulia mtihani, wadogo zangu! Mtu akikulipa debe la mawese wakati chikichi bado mbichi, una deni la mawese. Ile pesa ilikuwa dhima ya mkataba, mpaka senti ya mwisho.

Krediti zilipotoka zilikuwa pungufu, moto wa kiangazi ulikuwa umepita upande wa mlimani. Tukarekebisha hesabu za mwaka uliopita kwa IAS 8, kiwango cha kusahihisha makosa, kila mtu anasoma maelezo na anajua mkono ni wa nani. Nikapanda bodaboda kwenda kumweleza mwenyekiti. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza tu: "Sasa mhasibu, haya mabati niyarudishe wapi?" Sikuwa na jibu. Mkurugenzi nilimjibu, wakaguzi niliwajibu, huyo hapana.

4. Dhima ya dola hizo za awali, kama hazirudishwi, msiibadilishe upya kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwisho wa mwaka. IFRIC 22, tafsiri ya malipo ya awali ya fedha za kigeni: kiwango ni cha siku zilipoingia. Salio la benki la dola ndilo linalobadilishwa. Mnafanya kinyume kila mwaka, sijui nani aliwafundisha.

5. Krediti zilizowekwa kwenye akiba ya tahadhari ya rejista, ya kufidia hasara kama ya moto, haziuzwi. Zitoeni kwenye stoki ya kuuza.

6. Bei mliyoiona kwenye simu si sababu ya kupandisha thamani. IAS 38 inadai soko hai, lenye mauzo ya mara kwa mara na bei inayojulikana, na krediti za mradi mmoja wa msituni mara nyingi hazina soko la namna hiyo.

7. Barua za NCMC, kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, ziwe kwenye faili la mradi, si kwenye WhatsApp ya meneja. Na yule wa msitu kwenye mizania, njoo na leja yako kesho saa mbili kamili, tulifute ingizo hilo pamoja kabla sijaulizwa mimi.