Maswali ya Wasomaji: Tanuri la Coalbrookdale

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa karai na masanduku ya bati pale Kamukunji, Nairobi. Kitabu cha historia cha binti yangu kinataja tanuri la Coalbrookdale, Uingereza, kuwa ndilo lililoleta mapinduzi ya chuma mwaka 1709, na kwamba sasa ni makumbusho. Je, kabla ya hapo watu hawakujua kutoa chuma? Na tanuri lililozimwa linatunzwa kwa faida gani?

JIBU: Fundi, chuma ni cha zamani mno, wahunzi wa Buhaya, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, walikuwa na matanuri yao yapata miaka 2,000 iliyopita. Kilichobadilika Coalbrookdale ni makaa. Matanuri ya Uingereza nayo yalikula makaa ya miti, na bei ya gunia miti inapoadimika wewe unaijua kuliko mimi. Makaa ya mawe yalikuwa tele, lakini yana salfa, ambayo ikiingia katika chuma hukifanya kivunjike ovyo. Abraham Darby, aliyelikodi tanuri hilo likiwa limeharibika, aliyaoka kwanza makaa hayo hadi salfa nyingi ikatoka pamoja na moshi. Tena makaa ya eneo lile hayakuwa na salfa nyingi tangu mwanzo, bahati ambayo vitabu vya shule huisahau. Wala hakuwa akitafuta mapinduzi. Biashara yake ilikuwa vyungu na masufuria, ambayo tangu 1707 alikuwa na hataza, yaani haki ya pekee kisheria, ya kuyasubu, kwa kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu za mchanga.

Mjukuu wake, Abraham Darby wa tatu, alilipanua tanuri mwaka 1777, na jina lake na mwaka huo vingali vinasomeka kwenye boriti ya chuma iliyo mbele yake. Miaka miwili baadaye alisimamisha daraja la chuma la tani 378 juu ya Mto Severn.

Tanuri lilizimwa mapema katika karne ya 19, likafukiwa, hadi lilipofukuliwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 1959. Faida yake ni kwa watu kama wewe: mhunzi akisimama pale huona mwenyewe upepo wa mivukuto uliingilia wapi na chuma kilichoyeyuka kilitokea wapi, mambo ambayo picha ya kitabuni huyaficha. Kwa kuwa nauli ya Uingereza si ya mchezo, mpeleke binti kwanza Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni yetu, akayaguse magurudumu ya injini za mvuke.